Biri Iliyokauka: Maji Hurudi, Harufu Je?

HOJA: Biri iliyokauka, ikihifadhiwa inavyotakiwa, hurudia hali yake ya zamani.

Biri nzuri ya Havana ni majani matupu ya tumbaku yaliyosokotwa kwa mkono. Yapo majani ya ndani yanayobeba ladha, lipo jani la kati linaloyafunga, na lipo jani la nje, jembamba na laini, ambalo ndilo uso wa biri yenyewe. Haina karatasi wala kichungi. Kwa kuwa ni majani tu, hunywa maji na kuyatoa kufuata hewa inayoizunguka. Iache chumba chenye kiyoyozi, na baada ya wiki kadhaa ukiibonyeza itakwaruza chini ya kidole, na ukiiwasha itaungua mbio, moshi wake mkali na mchungu.

Je, inaokoleka? Wawili ninaowaleta hapa ni mjomba na mpwa wake, wote wa Mombasa. Mjomba alikuwa stuwadi kwenye meli za mizigo na Havana ameitia mguu. Mpwa ni mfamasia, mwanamke ambaye kutwa yake ni kuangalia dawa zinavyoharibika kwa joto na unyevu. Kati yao pana kisanduku cha mbao chenye biri za Cuba za chapa ya Montecristo zilizokaa kabatini, chumba cha kulala, kiyoyozi kikivuma usiku kucha. Nitawaacha waseme, nami nitaingia pale nitakapoona pana haja.

MJOMBA: Hoja naiunga mkono kwa moyo wote. Watu huziona biri zimekauka wakazitupa jaani, na mimi huumia, maana kukauka hakukuanzia kabatini kwangu. Jani hili limeota Vuelta Abajo, mkoa wa Pinar del Río. Likakatwa bichi, likatungwa kwenye fito, likaanikwa bandani kiasi cha siku 50 mpaka likawa kahawia na kavu. Kisha likatiwa unyevu lisivunjike mikononi, likarundikwa na kuvundikwa, rundo likapata moto wa ndani kwa ndani na ile harufu kali ya amonia ikatoka. Likakaushwa tena. Hata siku ya kusokotwa, jani la nje hurushiwa maji kwanza, likakung'utwa matone yasibaki, ndipo fundi anapoweza kulivuta na kulizungusha. Sasa jani lililokauka na kuloweshwa mara zote hizo, leo mwaniambia likikauka mara moja zaidi limekufa?

MPWA: Mjomba, shikamoo nimekwisha kukupa, sasa niruhusu nikupinge. Hayo ya shambani na kiwandani ni kweli tupu. Lakini jani analolirushia maji fundi liko peke yake, limelegea, likitaka kutanuka lina nafasi. Ndani ya biri majani yameshindiliwa pamoja, na lile la nje limevutwa likabana, kisha likagandishwa kichwani kwa gundi ya mimea. Ukiyapa maji ghafla, ya ndani yanavimba na la nje, jembamba namna ile, haliyahimili. Linapasuka kwa urefu. Ukiivuta, hewa inaingilia ubavuni na moto unakwenda upande. Maji umeyarudisha, lakini biri umeivunja.

Hapa pana uharibifu mwingi kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mtu akigundua biri zake zimekauka, la kwanza linalomjia ni haraka. Huzipeleka bafuni zipate mvuke wa maji ya moto, au huzifunga kwenye kitambaa kibichi, au hutia kisandukuni kipande cha kiazi au tufaha. Mvuke hupasua. Kitambaa hulowesha sehemu kikaacha nyingine. Kiazi na tufaha huoza, na ukungu wao huhamia kwenye tumbaku. Wengine huzitia kwenye friji wakidhani ubaridi ni unyevu, ilhali friji ya kisasa isiyogandisha barafu hukausha kila kisichofunikwa, na juu ya hayo tumbaku hunywa harufu ya samaki na vitunguu. Nasema bila kusita kwamba biri nyingi zinazosemwa zimekufa kwa ukavu ziliuawa na tiba.

MJOMBA: Na nani kakwambia mimi ni mtu wa kitambaa kibichi? Mimi nasema ikihifadhiwa inavyotakiwa. Nilipokuwa baharini nahodha wetu mmoja alikuwa na biri zilizokaukia chumbani mwake, maana vyumba vya meli hupozwa mchana na usiku. Mkubwa wangu wa jikoni alizitia ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana, pamoja na chombo kidogo cha unyevu kisichogusana nazo, akazisahau kwa makusudi. Tulipozifungua baadaye zilikuwa laini. Nahodha alivuta akasifu. Nilikuwepo.

MPWA: Zilikuwa zimekauka kwa muda gani?

MJOMBA: Safari moja tu. Miezi.

MPWA: Basi hapo hatugombani. Tugombane kuhusu hizi zako.

Akakigeuza kisanduku cha kiwandani ambacho mjomba alikuwa amekihifadhi, akaonyesha chini yake. Visanduku vya biri za Cuba vya miaka hii hugongwa muhuri wa herufi za siri za kiwanda, na chini yake mwezi na mwaka kwa ufupisho wa Kihispania: ENE ni Januari, AGO ni Agosti, DIC ni Desemba. Hiki kilisomeka MAR 19. Mjomba mwenyewe alikiri kwamba tangu alipozihamishia kwenye kile kisanduku chake cha kujivunia, chenye rangi ya kung'aa na saa ya unyevu kifunikoni, hakuwahi kuongeza kitu ndani yake, kwa sababu mshale wa saa ile ulikuwa ukionyesha asilimia 70 kila alipoutazama.

Asilimia 70 ndiyo hesabu inayotajwa zaidi. Kwa jumla biri hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 16 hadi 21 za Selsiasi. Mshale ukisema 70, mwenye biri hulala usingizi. Mpwa hakulala. Alichukua kifuniko cha chupa ya soda, akatia chumvi ya mezani na matone machache ya maji mpaka ikawa kama uji mzito, akaitia pamoja na ile saa ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga, akaviacha hadi kesho yake. Chumvi ya kawaida iliyoloana namna hiyo, bila kuyeyuka yote, huishikilia hewa ya mfukoni kwenye unyevu wa asilimia 75, na jambo hili ni la kutegemewa kiasi kwamba hutumika kukagulia vipimo. Kesho yake mshale ulikuwa palepale kwenye 70. Haukuwa ukipima chochote. Saa hizi za mshale zinazouzwa pamoja na visanduku vya mapambo mara nyingi ziko hivyo, na mtu yeyote mwenye kisanduku cha namna hii aifanye kazi hii ya chumvi leo kabla ya kusoma zaidi.

MJOMBA: Sawa, saa ilinidanganya. Zimekauka, nakubali. Lakini sijasikia bado kwa nini zisirudi.

MPWA: Kwa sababu tumbaku haina maji peke yake. Ina mafuta yake. Harufu unayoipenda, ile ya ngozi, ya kahawa, ya mbao, imetokana na vitu vilivyozaliwa jani lilipokuwa likigeuka rangi na kuvundikwa, vingine vikitokana na kuvunjikavunjika kwa ile rangi ya manjano iliyomo ndani ya jani, karotenoidi. Vingi kati ya vitu hivyo ni vyepesi, huruka. Wewe ni mtu wa pwani, Mjomba, karafuu waijua. Karafuu nzuri ukiibonyeza kwa ukucha inatoa mafuta. Ile iliyokaa wazi dukani miaka, iloweke maji upendavyo. Itavimba, itakuwa nono, utadhani imevunwa juzi. Itie kwenye pilau uone kama kuna mtu atauliza umetia karafuu. Maji uliyoyatia ni maji tu, yale mafuta yameshakwenda na hewa.

MJOMBA: Lakini hayaendi yote. Hata karafuu kuukuu haiwi unga wa mbao.

MPWA: Hayaendi yote, kweli. Utomvu mzito hubaki. Ndiyo maana biri ya miezi huokoleka na kumridhisha nahodha. Lakini kila mwezi wa ukavu hupunguza kitu ambacho hakuna kisanduku kinachokirudisha.

MJOMBA: Ngoja nikutie kwenye kona. Februari 1962 Rais Kennedy alipiga marufuku bidhaa za Cuba kuingia Marekani. Msemaji wake, Pierre Salinger, alisimulia mwenyewe kwamba Kennedy alimtuma kwanza akamtafutie biri, naye akampatia 1,200 za Petit Upmann, ndipo rais akatia saini. Sawa? Biri za kabla ya marufuku ile bado zipo, zinauzwa mnadani kwa pesa nyingi, na wapo wanaozivuta wakashukuru. Zina zaidi ya miaka 60. Kama mafuta huruka, wanavuta nini?

Hii ndiyo hoja yake bora, na msomaji asiipuuze. Ilimfanya mpwa anyamaze kidogo. Alipojibu aliliweka wazi jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mjadala wote.

MPWA: Hizo hazikukauka, Mjomba. Hizo zilizeeka. Ni mambo mawili mbalimbali. Biri iliyotunzwa miaka 60 kwenye unyevu ulio sawa na ubaridi wa kiasi, ndani ya mbao na chombo kilichofungwa, inabadilika polepole. Ukali unapungua, amonia iliyosalia inatoka, ladha zinaingiliana. Inapoteza nguvu, ndiyo, lakini inapata ulaini. Hao wa mnadani kabla ya kulipa huuliza ilikaa wapi na nani aliitunza. Ukimwambia ilikaa kabatini ikakauka miaka kumi kisha ukaiamsha kwa pakiti ya unyevu, hakupi hata nauli. Wacuba wenyewe jani ambalo bado halijasokotwa hulifunga kwenye marobota ya yagua, ala pana ya jani la mti wa jamii ya mnazi, ili unyevu usitoke upesi wakati linakomaa. Wao hawaliachi lizeeke wazi, wanalifunika.

MJOMBA: Haya. Kwa hiyo zangu ni maiti?

MPWA: Sikusema hivyo. Nimesema hazitakuwa zile za mwaka 2019.

Wakati huo mkaza mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na neno lake, na mjadala usiolisikia haujakamilika.

MKAZA MJOMBA: Mwashindana habari ya kuitia sumu maji ili inukie. Mume wangu, daktari alikwambia nini? Biri huivuti hadi mapafuni, najua ndivyo unavyojitetea, lakini saratani ya mdomo na koo haingoji moshi ufike mapafuni. Shirika la Afya Duniani husema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Kwangu mimi kiyoyozi kimefanya kazi njema.

Mjomba hakumjibu, na mimi sina la kumpinga, kwa kuwa alichosema ni kweli. Nitaongeza tu kwamba wapo wanaotunza biri bila kuziwasha: wakusanyaji, warithi wa vitu vya baba zao, wanaopewa zawadi na wageni. Nao wanastahili kujua kitu walicho nacho kinaharibika vipi.

Basi walifanya nini? Mjomba alitaka zirudishwe kwenye kisanduku chake kilekile, kikiongezewa maji. Mpwa alikataa, na sababu yake ni nzuri. Mbao iliyokauka ina kiu kuliko biri. Visanduku hivi huwekwa ndani mbao za Cedrela odorata, ziitwazo mwerezi wa Kihispania ingawa mti huo uko karibu zaidi na mkangazi kuliko mwerezi. Mbao zake hunukia, huvuta unyevu na kuutoa, ndiyo sifa yake, lakini zikiwa kavu hunyang'anya unyevu wote unaotiwa na biri hazipati kitu. Kisanduku kikavu hulazimika kunyweshwa chenyewe kwanza, kikiwa kitupu. (Asili ya mti huu ni Amerika, kuanzia Mexico na visiwa vya Karibi kuteremka kusini. Ulipandwa pia Tanzania, na kwenye msitu wa hifadhi wa Kimboza, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, umetapakaa hadi kuibana miti ya asili. Fundi seremala wa Morogoro anayetaka kutengeneza visanduku hivi malighafi iko karibu naye kuliko anavyojua.)

Mpwa akaleta kopo la plastiki la kuhifadhia chakula, jipya, lisilo na harufu, lenye mfuniko wa kubana. Plastiki haina kiu. Ndani yake alitia zile pakiti zenye myeyusho wa chumvi na maji nyuma ya utando unaopitisha mvuke tu. Uzuri wa pakiti hizi ni kwamba zinatoa unyevu hewa ikiwa kavu na kuunyonya ukizidi, kila moja ikishikilia kiwango kilichoandikwa juu yake. Mjomba alitaka ya 69 mara moja. Mpwa akaweka ya 62, na akasema itakaa hapo wiki kadhaa, halafu 65, halafu 69 ikiwa hakuna jani lililoanza kufunguka. Biri akazipanga mstari mmoja zisilaliane, akawa anazigeuza robo mzunguko kila alipokuja kuwaamkia.

MJOMBA: Na asiyepata pakiti hizo? Si kila mtu ana ndugu wa kumletea.

MPWA: Sifongo safi kwenye chombo kilichotobolewa, kimening'inizwa mbali na biri, na maji yawe yaliyotoneshwa. Ya bomba yana chumvichumvi na vijidudu, na kuyachemsha hakuondoi chumvichumvi. Famasi wanauza maji ya sindano, yanafaa kabisa. Usichukue kwenye kituo cha mafuta kitu kinachoitwa maji ya betri bila kusoma chupa, maana kwa jina hilohilo wengine huuza tindikali.

Lipo na jambo la joto, ambalo sisi wa pwani hatuwezi kulikwepa. Mombasa na Dar es Salaam hewa ya nje huwa na unyevu mwingi. Ni kiyoyozi kinachoukausha. Mtu anaweza kusema basi nizitoe nje ya chumba zijinywee zenyewe. Asifanye hivyo. Ndani ya biri huenda mna mayai ya mbawakawa mdogo wa tumbaku, Lasioderma serricorne, kahawia, wa milimita 2 au 3 hivi. Kwenye ubaridi mayai hayo hulala. Joto letu likiongezewa unyevu, huanguliwa, na kiluwiluwi hula njia yake mpaka nje na kuacha tundu kama la pini. Biri moja yenye tundu huambukiza kisanduku kizima. Dawa ni kuzifunga vizuri na kuzigandisha kwenye friza siku kadhaa, zikianzia friji na kumalizia friji ili jani lisishtuke. Biri kavu kabisa usiigandishe kabla haijapata unyevu, itapasuka. Wa Nairobi wana shida tofauti. Joto lao ni la kadiri, lakini Januari na Februari mchana hewa yao hukauka, na biri isiyofunikwa huko haichukui muda.

Mpwa alimwachia mjomba kazi moja tu, kuzishika. Biri iliyopata unyevu wake hubonyea kidogo kati ya vidole viwili kisha hurudi. Ikikwaruza, bado. Ikibonyea na kubaki imebonyea, umezidisha, na karibu utauona ukungu, kwanza pale chini ya biri ilipokatwa. Ukungu ukiwa jani la nje tu hufutika. Ukiingia ndani, itupwe.

Baada ya miezi ya kungoja walichukua mbili. Mjomba aliwasha moja kibarazani, mkewe akiwa hayupo. Iliungua sawa, jivu lake likashikamana, jani halikufunguka. Mpwa asiyevuta aliinusa ile ya pili ambayo haikuwashwa, kisha akamuuliza mjomba wake aseme kweli.

MJOMBA: Inavutika. Ni laini. Mwanzoni mna kitu, mbao kidogo. Katikati... kumenyamaza. Nakumbuka Montecristo katikati huwa ndipo inapoanza kusema. Lakini inavutika, mwanangu, na juzi ilikuwa kuni. Hoja yangu imesimama.

MPWA: Neno ulilotumia kwenye hoja, Mjomba, ni kurudia hali yake.

Wote wawili wakabaki pale walipo. Mimi siwezi. Hoja kama ilivyoandikwa naikataa. Uhifadhi mzuri hurudisha unyevu, hurudisha ulaini, hurudisha mwako, na hivyo vitatu si haba. Biri isiyofaa kabisa inakuwa biri inayovutika. Harufu iliyokwisha kuruka hairudi. Mjomba ana haki kwamba watu hutupa biri mapema mno, na mpwa ana haki juu ya kile kisichorudi, na haki ya mpwa ndiyo kubwa zaidi kwa sababu ndiyo inayomwambia mtu afanye nini kabla ya hasara.

Kwa hiyo, wewe ambaye biri zako zimekauka kwa miezi, usizitupe: ziweke kwenye kopo linalobana, uanze na unyevu wa chini, upandishe polepole, ungoje. Ukisikia hamu ya kuzijaribu wiki ya kwanza, ngoja zaidi. Wewe ambaye zako zimekauka kwa miaka, ziokoe kama ni urithi au ukumbusho, ila usizinunue wala usimuuzie mtu kwa bei ya biri nzima. Na wewe ambaye umeletewa kisanduku wiki hii na bado zinanukia, kipime kile kipimo chako kwa chumvi, tia pakiti moja ndani, funga. Gharama yake ni ndogo kuliko ya biri moja.